Mgeni avae nini katika harusi ya Wahindi: mwongozo kwa wafanyabiashara wa Kasese na Bwera

KASESE: Mfanyabiashara anayealikwa na mshirika wake wa Kihindi hana haja ya kukopa ili anunue sari. Gomesi yatosha. Hata jina lake limetoka kwa Gomes, fundi Mgoa aliyeshona Kampala mwanzoni mwa karne ya 20.

Kitenge nacho chafaa, ila ukivuka Mpondwe kwenda Kasindi uliza kipimo kabla ya bei. Huko kikwembe, kama wanavyokiita, huhesabiwa kwa yadi 2, na kipande kizima cha yadi 6 ni vitatu. Asiyeuliza hurudi Bwera na theluthi ya nguo.

Anayeng'ang'ania sari apige hesabu ya fundi pia: blauzi yake hushonwa kwa kipimo cha mwili, na ndani huvaliwa gaguro.

Kwa Wahindu nyekundu ni ya bibi harusi, nyeupe ni ya msiba, na nyeusi wazee wengi hawaipendi. Waislamu na Wagoa Wakatoliki wana taratibu nyingine. Kwenye hekalu la Masingasinga, wanaume kwa wanawake hufunika kichwa na kuvua viatu.

Sherehe huchukua siku kadhaa. Soma kadi ujue umealikwa siku ipi, ndipo umwite fundi.