Mazoea

Anayesomea mtihani wa usalama wa mitandao hapa Sigowet huzoea kusema “tabia ya mtumiaji”. Mimi nashikilia mazoea. Tabia humhukumu mtu; mazoea ni jambo lililorudiwa mpaka likakaa, na hilo ndilo programu ya ulinzi hupima: karani wa sako huingia saa ngapi, kwa kompyuta ipi, hufungua akaunti ngapi.

Oktoba, bonasi ya majani chai inapolipwa, karani hukesha kazini na tahadhari humiminika bila mwizi. Usizizime, tafadhali! Hakikisha saa za mashine zote zinalingana, mlinganishe karani na wenzake, kisha ipe programu kumbukumbu za Oktoba iliyopita. Akiingia peke yake usiku wa manane mwezi Februari, hapo mfuatilie.