Mlango wa kuku unaojifunga wenyewe: namna ya kuuweka na kuutumia hapa kwetu mashariki

Kuku hana shida ya kurudi nyumbani. Jua likianza kushuka anaelekea kibandani mwenyewe, maana gizani macho yake hayamsaidii kitu. Shida iko kwa mwenye kuku. Saa 12 jioni mama bado yuko sokoni anamalizia kuuza, baba yuko njiani juu ya pikipiki, watoto wamekwenda kuchota maji. Mlango unabaki wazi saa nzima, mara nyingine saa mbili, na hiyo ndiyo saa ambayo kanu, paka pori na wenzao wanaanza kuzunguka. Kanu akiingia kibandani si lazima ashike kuku mmoja na kuondoka. Anaweza kuua wengi na kubeba mmoja tu. Kwa jamaa inayotegemea kuku kulipa minervali ya mtoto wa sekondari, ule ni msimu mzima umepotea kwa usiku mmoja. Na tusisahau: kuna mitaa na vijiji vyetu ambako kutoka nje usiku na tochi mkononi, hata kwa hatua ishirini tu, si jambo la kufanya hivi hivi.

Mlango unaojifunga unashughulikia ile saa moja. Sasa tuone unavyofanya kazi, na nini usitegemee kutoka kwake.

Kifaa chenyewe

Tunaongea juu ya mlango mdogo wa kuku, si ule mkubwa ambao mtu anaingilia kufagia na kuokota mayai. Ni kibao kinachopanda na kushuka kati ya reli mbili. Juu yake kuna mota ndogo inayozungusha kamba, au msumari wa skrubu unaosukuma kibao. Kuna batri, na kuna kitu kinachoamua saa ya kufungua na saa ya kufunga. Kitu hicho ni cha aina mbili: saa ya kupanga, ambayo mafundi wetu wanaiita minuteri, au jicho la mwanga linalohisi giza na mapambazuko. Vifaa vingine vina vyote viwili.

Wanaouza watakusifia jicho la mwanga. Huko kwao wana haki. Paris, mwezi wa 6 jua linazama karibu saa 4 usiku, na mwezi wa 12 linazama karibu saa 11 jioni. Mfugaji wa kule akitegemea minuteri peke yake atairekebisha kila wiki. Lakini sisi tunakaa juu ya ikweta au karibu nayo kabisa. Mstari wenyewe unapita kati ya Butembo na Lubero. Goma, jua linazama karibu saa 11 na dakika 52 mwanzoni mwa mwezi wa 11, na karibu saa 12 na dakika 22 katikati ya mwezi wa 2. Nusu saa tu, mwaka mzima. Bunia, Bukavu na Uvira zinatofautiana na hapo kwa dakika chache. Kwa hiyo minuteri ya kawaida inatutosha, na kwa maoni yetu ndiyo bora kwetu. Jicho la mwanga lina ugonjwa wake katika milima hii: wingu zito la mvua saa 9 alasiri linaweza kulidanganya kwamba usiku umefika, mlango ukashuka na kuku wote wako nje wananyeshewa. Taa ya jirani ikiwaka mbele yake, nalo linaona bado ni mchana.

Ila minuteri ina mtego wa kwetu wenyewe. Kifaa kinahesabu saa kama simu, kuanzia 00:00. Saa 12 na nusu ya jioni ni 18:30. Ukiandika 12:30, umefunga kuku nje saa sita na nusu ya mchana. Hakikisha pia umeweka saa ya mashariki: redio ya Kinshasa ikitangaza saa, sisi tumekwisha kuwatangulia kwa saa moja.

Kuchagua saa ya kufunga

Usichukue saa kutoka kwa jirani. Kaa jioni tano au sita, uandike ni saa ngapi kuku wa mwisho ameingia. Daima kuna mmoja anayechelewa, mara nyingi kuku mdogo ambaye wakubwa wanampiga mlangoni. Chukua saa ya yule aliyechelewa kuliko wote, ongeza dakika 20. Kwa wengi itaangukia kati ya 18:15 na 18:45. Mwezi wa 2 sogeza mbele robo saa, mwezi wa 10 rudisha nyuma. Basi.

Asubuhi usiwe na haraka. Kufungua 5:30 ni kuwatoa kuku wakati wanyama wa usiku hawajarudi mafichoni. Ngoja mwanga uwe kamili, 6:30 au 7:00. Mwenye kuku wa mayai anaweza kungoja hadi saa 3 au saa 4, kwa kuwa kuku wengi wanataga asubuhi. Mayai yatabaki ndani ya viota, hutayatafuta tena kwenye majani ya muhogo. Lakini hapo lazima kuwe na maji ndani, na kibanda kiwe na hewa.

Kuuweka

Tundu la kupitia lenye upana wa sentimeta 30 na urefu wa 35 linatosha kuku wa kienyeji na hata jogoo mkubwa. Kibao kiwe kipana kuliko tundu kwa sentimeta mbili au tatu kila upande, ili kisiache nafasi ya kucha. Chini ya tundu acha kizingiti cha sentimeta 10 hivi juu ya sakafu, la sivyo maranda na mavi ya kuku vitajaa kwenye njia na mlango hautafika chini.

Sehemu ambayo mafundi wengi wanaiharibu ni reli. Wanabana kibao vizuri sana, kinateleza siku ya kwanza, kisha mvua inakuja, ubao unavimba, na mlango unasimama katikati. Acha nafasi ya milimeta mbili au tatu kila upande. Tripleksi isiyopakwa rangi haifai. Kipande cha plastiki nene, kama ukuta wa bidoni kubwa uliofungwa kwenye fremu nyepesi ya mbao, kinafanya kazi vizuri na hakivimbi. Kwa walio chini ya moshi wa Nyiragongo, mnajua vile mvua inavyokula mabati; bati jembamba kwenye reli litaota kutu na kukwama.

Mlango ukishafika chini, jaribu kuuinua kwa kidole kutoka nje. Ukipanda, mnyama naye ataupandisha. Uufanye ushuke nyuma ya ubao au ndani ya mfereji mdogo, ili mguu wa mnyama usipate pa kuingia chini yake.

Mota, minuteri na batri viwekwe ndani, juu, mbali na vumbi na mahali kuku wanapolala. Plaki ya sola iwe nje, ilale karibu bapa kwa sababu jua letu linapita juu ya kichwa, ila iinamishwe kidogo mvua iioshe. Plaki ndogo ya wati 10 na batri ya volti 12 ya 7 Ah zinatosha kabisa. Watu wanaogopa kwamba mota itamaliza batri. Hapana. Mota inazunguka sekunde 20 asubuhi na 20 jioni. Anayekula batri ni minuteri inayokesha: ikitumia miliampea 20 tu, kwa saa 24 inafika karibu nusu Ah. Nusu ya batri yako inaisha ndani ya wiki bila jua. Uliza hiyo miliampea kabla ya kununua. Na plaki usiiweke mahali inapoonekana kutoka barabarani, sababu hatuna haja ya kuieleza.

Kama kifaa cha dukani ni ghali

Fundi wa magari ana unachohitaji: mota ya kupandisha kioo, kutoka gari bovu. Inatumia volti 12 na ina nguvu, nguvu ya kupita kiasi. Ndiyo maana isifungwe moja kwa moja kwenye mlango. Izungushe kamba ya nailoni inayopita kwenye puli. Mota inainua, kushuka, inalegeza kamba tu na mlango unateremka kwa uzito wake wenyewe. Kuku akiwa chini yake atahisi uzito wa kibao, hatabanwa na mota. Kibao cha nusu kilo hadi kilo moja kinatosha. Lazima kuwe na swichi mbili za kukata umeme, moja juu na moja chini, na fyuzi kwenye waya wa batri. Bila swichi hizo mota itaendelea kuvuta hadi iungue au ikate kamba. Kazi ya kugeuza mzunguko wa mota mwachie fundi wa umeme anayejua rilei, usibahatishe.

Na kuna njia isiyo na batri kabisa: kamba ndefu kutoka mlango wa kuku, kupitia puli mbili tatu chini ya paa, mpaka dirisha la jikoni. Jioni unalegeza, asubuhi unavuta. Haijifungi yenyewe, lazima mtu awe nyumbani, lakini hakuna anayetoka nje. Kwa jamaa yenye kuku kumi, tungeanza na hiyo.

Wiki ya kwanza

Kuku waliozoea kulala kwenye mwavokado hawataingia kibandani kwa sababu umeweka mota. Wafungie ndani siku tano hadi saba na chakula na maji, wajue kwamba pale ndipo nyumbani. Kisha acha mlango wazi siku kadhaa, mota ikiwa imezimwa, wazoee kupita kwenye tundu dogo. Ndipo uiwashe, na jioni za kwanza usimame pembeni. Sauti ya mota inawashtua mara mbili tatu, halafu wanaizoea.

Aliyebaki nje mlango ukifunga amebaki kweli, na yuko hatarini kuliko zamani, kwani sasa hata akitaka kuingia hawezi. Hivyo kuhesabu hakuishi. Funga kitambaa cheupe kwenye kibao, mahali panapoonekana kutoka dirishani: kitambaa kikiwa chini, mlango umefunga. Mtoto akitumwa kuangalia aulizwe mambo mawili: mlango uko chini? Na kuku ni wangapi?

Mlango huu haumzuii mwizi. Mwizi anapita mlango mkubwa, au anang'oa ubao wa nyuma, kwa hiyo kufuli nzuri na mbao zilizopigwa misumari mirefu bado ni kazi yako. Haumzuii nyoka wala panya kama ukuta una matundu. Zunguka kibanda mchana, ingia ndani, funga mlango, na popote unapoona mwanga uzibe. Siafu wanapita popote. Mwewe anakuja saa 5 asubuhi wakati mlango uko wazi. Na ugonjwa wa Newcastle hauangalii saa. Chanjo ibaki palepale kwenye kalenda.

Mwanzo wa mvua na mwanzo wa kiangazi, toa kibao, kwangua uchafu kwenye reli, pitisha sabuni kavu au mshumaa ili kiteleze. Usitie mafuta, yanashika vumbi. Angalia kamba pale inapogusa puli: nyuzi zikianza kutoka, badilisha siku hiyohiyo, kwa sababu kamba ikikatika usiku mlango unabaki chini na asubuhi kuku wanangoja ndani, bila maji kama hukuwawekea.