Walimu wa Shinyanga na Nchi ya Dhahabu: Historia Fupi ya Maandalizi ya Mwalimu wa Shule ya Msingi na ya Kati

Utangulizi

Katika kitabu cha kuadhimisha miaka 100 ya usharika, majina yanayotangulia kutajwa ni ya wamisionari, wachungaji na maaskofu. Hiyo ni haki yao. Hata hivyo, historia ya Kanisa katika nchi yetu inaonyesha kwamba mahali pengi, kabla mchungaji hajafika, alikuwapo mtu mwingine aliyeshika ubao kwa mkono mmoja na Katekisimo kwa mkono mwingine. Mtu huyo aliitwa mwalimu.

Kwa Walutheri jambo hili si geni. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe na kutunza shule, na mwaka 1529 alitoa Katekisimo Ndogo ili hata watoto wajifunze imani yao nyumbani. Tangu hapo Kanisa lilikojengwa, shule ilijengwa karibu yake. Sura hii inaeleza jinsi walimu wa shule za msingi na za kati walivyoandaliwa katika Shinyanga na katika nchi ya dhahabu ya Geita, tangu siku za shule za vichakani hadi miaka ya karibuni.

Shule za vichakani

Nchi ya Wasukuma haikupokea elimu ya shule kutoka kwa Walutheri. Mapadri Weupe walifika Bukumbi, kusini mwa Ziwa Victoria, mwaka 1883. Waanglikana wa Church Missionary Society walikuwa na kituo chao Nassa, na mwaka 1909 walikikabidhi kwa Africa Inland Mission, ambayo baadaye ilifanya kazi pia Shinyanga, hasa Kolandoto. Misheni zilikuwa zimegawana maeneo ya kazi, nazo za Kilutheri zilikuwa na mashamba yao kwingine: Kilimanjaro, Bukoba, Iramba na Nyanda za Juu za Kusini.

Lakini mwalimu wa siku zile alikuwa wa namna moja karibu kila mahali. Shule yake ilikuwa nyumba ya miti na nyasi, na wanafunzi wake walikuwa wa kila umri, kijana wa kuchunga ng'ombe akikaa pamoja na mtu mzima aliyejiandaa kwa ubatizo. Alifundisha herufi, hesabu kidogo, nyimbo na masomo ya dini. Yeye mwenyewe pengine alikuwa amesoma miaka miwili au mitatu tu. Kila juma au kila mwezi alirudi kituoni kwa mmisionari, akapokea masomo atakayofundisha, kisha akarudi kijijini. Ujira wake ulikuwa mdogo, na sehemu yake ililipwa kwa mavuno ya waumini. Hivyo ndivyo alivyosomea ualimu: alijifunza leo na kufundisha kesho.

Katika maeneo ya Kilutheri haja ya kumwandaa mwalimu vizuri zaidi ilionekana mapema. Seminari ya walimu ya Marangu ilikuwapo tayari kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Baadaye palikuwa na Kigarama katika Bukoba na Kinampanda katika Iramba, chini ya misheni ya Augustana kutoka Marekani. Kinampanda ndiyo iliyokuwa jirani zaidi na Shinyanga kati ya hizo, ingawa mto Sibiti na pori vilitenganisha nchi hizo mbili.

Walutheri waliingia Usukuma kwa njia nyingine. Reli kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilifika Mwanza mwaka 1928. Mgodi wa dhahabu wa Geita ulistawi tangu miaka ya 1930, na almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Kazi za reli, migodi, hospitali na ofisi ziliita watu waliojua kusoma na kuandika, na kati yao walikuwamo wana wa Kilimanjaro, Bukoba na Iramba waliokuwa wamesomeshwa na walimu wa misheni. Basi, hata mahali ambapo Kanisa letu halikuwa na shule, matunda ya shule zake yalifika.

Cheti chawatenganisha mwalimu na mwinjilisti

Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilitembelea Afrika Mashariki na kuchunguza elimu ya Waafrika. Mwaka uliofuata serikali ya Waingereza iliita misheni mkutanoni Dar es Salaam, na kuanzia hapo ruzuku ikaanza kutolewa kwa shule zilizofuata masharti ya serikali. Sharti kubwa lilikuwa mwalimu mwenye cheti.

Sharti hilo lilileta faida, kwa maana kiwango cha mafundisho kilipanda. Lakini lilileta pia utengano ambao wazee wengi waliukumbuka kwa huzuni. Mwalimu aliyepata cheti alilipwa mshahara unaojulikana. Yule wa shule ya kichakani, asiye na cheti, alibaki na kazi ya injili na ujira wa mavuno. Watu wawili waliokuwa wakifanya kazi moja wakawa na heshima mbili tofauti.

Mpango wa shule ulipokamilika, watoto walisoma shule ya msingi darasa la kwanza hadi la nne, kisha wachache waliochaguliwa wakaendelea shule ya kati, darasa la tano hadi la nane. Walimu nao waligawanywa hivyo hivyo. Mwalimu wa Daraja la Pili alimaliza darasa la nane, akasoma ualimu miaka miwili, na kufundisha madarasa ya chini kwa Kiswahili. Mwalimu wa Daraja la Kwanza alifika darasa la kumi, na baadaye la kumi na mbili, kabla ya miaka yake miwili ya chuo, naye aliandaliwa kwa ajili ya shule ya kati, ambako Kiingereza kilishika nafasi. Chuoni wote walijifunza kuandika azimio la kazi na andalio la somo, kutengeneza zana za kufundishia kwa vitu vya kijijini, kuimbisha, kulima bustani, na zaidi ya yote kusimama mbele ya watoto katika mazoezi ya kufundisha huku mkufunzi ameketi nyuma ya darasa na daftari lake.

Kazi iliyomngoja Usukuma ilikuwa na ugumu wake. Mali ya familia ilikuwa ng'ombe, na mchungaji wa ng'ombe alikuwa mtoto wa kiume. Binti naye alitazamiwa kuolewa mapema na kuleta mahari. Mwalimu alilazimika kwenda nyumba kwa nyumba kuwaomba wazazi wawatoe watoto. Na pale shule za kati zilipotilia mkazo kilimo, wazazi wengi walinung'unika kwamba hawakumpeleka mtoto shuleni ili ashike jembe analoliacha nyumbani. Katika mambo haya cheti hakikumsaidia sana mwalimu. Ilimpasa kuijua lugha ya watu, kuketi nao na kuaminiwa.

Uhuru na utaifishaji

Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, kiongozi wake alikuwa mtu ambaye watu walimwita Mwalimu. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere kuanzia mwaka 1943 hadi 1945, akafundisha Tabora na baadaye Pugu. Mwezi Machi 1967 alitoa mwongozo wa Elimu ya Kujitegemea, na katika kipindi hicho Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule ya msingi yote, ambayo sasa ilikuwa ya miaka saba. Shule ya kati ikatoweka kwa jina, na kazi yake ikaingia ndani ya shule ya msingi.

Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliweka shule zilizopata ruzuku mikononi mwa serikali. Vyuo vya ualimu vya misheni navyo vikawa vya taifa, vikiwamo Marangu na Kinampanda. Kwa sharika zilizokuwa zimejenga shule kwa matofali ya mikono yao, jambo hili halikuwa jepesi. Lakini haki inadai kusema upande wa pili. Tangu siku hiyo mtoto wa Mkristo, wa Mwislamu na wa mtu wa dini ya jadi aliingia mlango mmoja bila kuulizwa imani yake. Tena mwalimu, akiwa mtumishi wa serikali, alipangiwa kazi popote nchini. Kwa njia hiyo walimu wa Kilutheri walifika vijiji vya Shinyanga, Kahama na Geita ambako hakukuwa na usharika, na mara nyingi ibada za kwanza ziliendeshwa na mwalimu katika chumba kile kile alichofundishia siku za kazi.

Walimu wa UPE

Mwezi Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU iliyokutana Musoma iliamua kwamba elimu ya msingi kwa wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya mwaka 1989 kama ilivyopangwa awali. Mwaka 1974 wanafunzi wa shule za msingi nchini walikuwa takriban milioni 1.2, na kufikia mwaka 1978 walikaribia milioni 3. Vyuo vilivyokuwapo havingeweza kutoa walimu wa kutosha watoto hao.

Njia iliyochukuliwa ilikuwa ya kijasiri. Kuanzia mwaka 1976 vijana waliomaliza darasa la saba waliitwa kuwa walimu wakiwa vijijini mwao. Asubuhi walifundisha madarasa ya chini. Mchana walisoma masomo ya posta, walisikiliza vipindi vya redio, na kukutana na mkufunzi aliyezunguka kutoka kituo hadi kituo. Baada ya miaka mitatu hivi walikaa chuoni kwa majuma machache na kufanya mtihani. Kwa njia hii taifa lilipata walimu zaidi ya 35,000.

Hao ndio walioitwa walimu wa UPE, na watu wenye mzaha wakazigeuza herufi hizo kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha huo uliwaumiza watu wengi waliostahili heshima. Ni kweli kwamba wengi walianza wakiwa wadogo sana, nao walikuwa wamewazidi wanafunzi wao kwa miaka michache tu. Ni kweli pia kwamba madarasa yalijaa na vitabu vilipungua. Lakini bila wao, madarasa mengi ya vijiji vipya vya Shinyanga na Geita yasingekuwa na mwalimu kabisa. Wengi hawakuridhika na cheti cha kwanza. Waliendelea kusoma wakiwa kazini, wakapanda madaraja hadi Daraja A, na baadhi yao wakawa walimu wakuu. Watu wazima wengi wanaoketi leo katika viti vya kanisa walishikwa mkono na mwalimu wa UPE walipoandika jina lao kwa mara ya kwanza.

Miaka ya dhahabu

Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Wachimbaji wadogo walianza kumiminika baadaye, kisha migodi mikubwa ikafunguliwa: Geita mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009. Vijiji vikageuka miji kwa muda mfupi.

Wakati huo huo ada ya shule ya msingi iliondolewa, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002. Wanafunzi nchini waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7.5 mwaka 2005. Kwa mara nyingine mafunzo yalifupishwa: mwanachuo wa Daraja A alikaa chuoni mwaka mmoja, na mwaka wa pili aliumalizia shuleni akifundisha chini ya uangalizi. Vijana wa ukanda huu waliandaliwa Butimba, Murutunguru, Katoke na katika Chuo cha Ualimu Shinyanga, ambacho wenyeji hukiita Shycom, pamoja na vyuo vingine.

Mwalimu mpya aliyepangiwa shule karibu na machimbo alikuta majaribu mawili. La kwanza lilikuwa lake mwenyewe, kwa kuwa kodi ya chumba na bei ya chakula vilipandishwa na fedha za dhahabu, huku mshahara wake ukibaki ule ule wa mwenzake wa kijiji cha pamba. La pili lilikuwa la wanafunzi. Mtoto aliyepata fedha kwa siku moja ya kuponda mawe hakuona kwa nini akae darasani. Taarifa ya Human Rights Watch ya mwaka 2013 ilieleza jinsi watoto walivyofanya kazi katika machimbo madogo ya Geita na Kahama wakigusa zebaki kwa mikono yao. Kama babu zake wa kazi walivyowafuata watoto machungani, mwalimu wa sasa aliwafuata mashimoni.

Katika miaka hiyo hiyo Kanda ya Ziwa ilipata aibu kubwa ya mauaji ya watu wenye ualbino. Shule ya Msingi Buhangija mjini Shinyanga ikawa kimbilio la watoto waliotishiwa maisha. Walimu waliosomea kufundisha kusoma na kuhesabu wakawa walezi wa usiku na mchana. Andalio la somo halikuwa na nafasi ya kazi hiyo, lakini waliifanya.

Hitimisho

Historia hii inaonyesha jambo moja linalojirudia. Kila mara taifa lilipohitaji walimu wengi kwa haraka, muda wa chuo ulipunguzwa, na pengo likazibwa na mwalimu mkongwe aliyekuwa chumba cha pili. Ilikuwa hivyo kwa kijana wa shule ya kichakani, kwa mwalimu wa UPE, na kwa mwanachuo wa MMEM. Pale mkongwe alipokuwa na subira, kijana alikuwa mwalimu kweli. Pale alipokuwa amechoka na kusahauliwa, kijana alibaki na cheti tu.

Kwa sababu hiyo usharika unaotaka kuwaheshimu walimu wake una kazi ya kufanya. Unaweza kumpatia mwalimu mgeni chumba cha bei anayoiweza, kumtembelea, na kusimama naye anapokwenda kumdai mtoto aliyepotelea machimboni. Unaweza pia kuwaalika wastaafu, wale waliodharauliwa kwa herufi tatu, ili wawafundishe vijana yale waliyojifunza kwa miaka 30 mbele ya ubao.

Walimu wengi waliotumika katika nchi hii hawana jiwe la kumbukumbu. Kumbukumbu yao ni watu wanaojua kusoma, ambao siku hii ya jubilei wamefungua vitabu vyao vya nyimbo na kuimba. Mungu awakumbuke waliotangulia, na awatie nguvu wanaoingia darasani kesho asubuhi.