Kungojea Uraia: Habari za Waislamu wa Bujumbura na Ndugu Zao wa Ng'ambo ya Ziwa

Mwenyezi Mungu alijaalia mji wa Bujumbura uwe makao ya watu waliotoka pande nyingi. Wadachi walipoweka ngome yao Usumbura katika mwaka wa 1897, walifuatana na askari, wapagazi, makarani na wafanya biashara, na wengi miongoni mwa hao walikuwa Waislamu. Baadhi walitoka Ujiji, baadhi Tabora, na wengine mwendo wa mbali zaidi, Bagamoyo na mrima wote. Wamanyema walivuka kutoka Kongo, Wabwari wakaja na mitumbwi yao, Waarabu na Wahindi wakafungua maduka. Lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Watoto wao walizaliwa papa hapa, wakasoma chuoni papa hapa, na wazee wao wakazikwa papa hapa.

Siku hizo hapana aliyeuliza mtu ni raia wa dola gani. Kilichoulizwa ni kodi, na jina la jumbe wa mtaa. Wabelgiji walipouteka mji mwaka wa 1916, na baadaye kukabidhiwa Ruanda-Urundi chini ya Shirikisho la Mataifa, jambo la uraia lilizidi kuwa na giza. Baraza la Shirikisho hilo liliamua mwaka wa 1923 kwamba wenyeji wa nchi zilizowekwa chini ya ulezi wa namna hiyo hawawi raia wa dola inayowalea kwa sababu ya ulezi peke yake. Basi Mrundi hakuwa Mbelgiji. Lakini mtu wa Buyenzi aliyetoka Ujiji alikuwa mtu wa Tanganyika, nchi iliyokuwa mikononi mwa Waingereza. Mmanyema alihesabiwa mtu wa Kongo. Mhindi alikuwa chini ya himaya ya Kiingereza. Na Mwarabu wa Unguja alimtambua Sultani wake. Mtaa ulikuwa mmoja, msikiti mmoja na kisima kimoja, na juu ya vichwa vya watu zilipepea bendera nne au tano. Wabelgiji wenyewe waliwaweka watu wa Buyenzi na Bwiza katika hali ya mbali na utawala wa machifu, wakawahesabu kuwa watu wa mjini tu. Kwa miaka mingi hali hiyo haikumdhuru mtu, kwa kuwa aliyetaka kwenda Kigoma alipanda meli akaenda.

Uhuru ulipokaribia, watu hao hawakukaa kando. Mwanamfalme Louis Rwagasore, mwana wa Mwami Mwambutsa wa Nne, alipoanzisha ushirika wa wafanya biashara mwaka wa 1957, aliwategemea sana Waswahili wa mjini, na chama chake cha UPRONA kilipata wafuasi hodari katika Buyenzi na Bwiza. Tarehe 18 Septemba 1961 chama hicho kilishinda viti 58 katika 64. Tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo Mwanamfalme akauawa. Tarehe 1 Julai 1962 bendera ya Ubelgiji iliteremshwa, na siku hiyo wako waliokesha kwa furaha bila ya kujua kwamba asubuhi yake wameamka wageni.

Hapo ndipo kungojea kulipoanza, na wa kwanza kungojewa alikuwa sheria yenyewe. Kanuni ya kwanza ya Uraia wa Burundi ilitolewa tarehe 10 Agosti 1971, yaani miaka tisa baada ya uhuru. Katika miaka hiyo tisa mambo mengi yalipinduka. Unguja ilipata uhuru Desemba 1963, na mwezi mmoja baadaye, tarehe 12 Januari 1964, yakatokea mapinduzi. Mtu wa Bujumbura aliyekuwa na hati ya Sultani wa Unguja alibaki na karatasi ya dola isiyokuwapo tena. Tanganyika na Unguja zikaungana Aprili 1964. Ng'ambo ya Rusizi, Kongo iliwaka moto. Mtu aliyengoja bila ya kuchagua alijikuta amechaguliwa, au ameachwa.

Kanuni ya 1971, na ile iliyoifuata ya tarehe 18 Julai 2000, zote mbili zilijengwa juu ya msingi mmoja: uraia wa asili hufuata damu ya baba. Kuzaliwa Bujumbura hakutoshi. Mtu aliyezaliwa Buyenzi, na babaye akazaliwa Buyenzi, kama babu alitoka Ujiji na hapana aliyejiandikisha kati yao, huyo mbele ya sheria alibaki mgeni, na miongoni mwa milango iliyokuwapo ni ule wa tajnisi, yaani kuomba na kupewa.

Mlango huo una kizingiti chake. Mwombaji hutakiwa awe amekaa nchini miaka kumi, awe mtu mzima, mwenye mwenendo mwema, kisha uraia wenyewe hutolewa kwa amri ya Rais wa Jamhuri. Katika sheria za namna hii, zilizorithiwa kutoka Ulaya, tajnisi ni hisani ya dola, na mwombaji hawezi kuidai kama adaivyo mshahara wake. Kwa sababu hiyo miaka kumi si muda wa kungoja wote. Ni muda wa kupata ruhusa ya kuanza kungoja. Baada yake huja muda wa kukusanya hati, na huu ndio uliowachosha wengi.

Inafaa kulieleza jambo hili la hati kwa urefu kidogo, maana ndani yake ipo taabu iliyowahusu hasa Waislamu. Kwanza ni jina. Karani mmoja aliandika Juma, na karani wa pili, aliyesoma Kifaransa, akaandika Djuma. Hassani akawa Assani. «Bin» ikaandikwa mara moja na kuachwa mara tatu. Baba mmoja akawa watu wawili katika madaftari, na mwana akatakiwa athibitishe kwamba ni mmoja. Pili ni ndoa. Nikaha iliyofungwa na sheikh mbele ya mashahidi ni ndoa sahihi kwa dini, lakini Kanuni ya Watu na Jamaa ya mwaka wa 1980, na mabadiliko yake ya 1993, haikuitambua ndoa isiyoandikwa mbele ya ofisa wa serikali. Mtoto wa nikaha isiyoandikwa komini huhesabiwa mtoto wa nje ya ndoa mpaka baba amkiri kwa hati. Na kwa kuwa uraia hufuata baba, baba asipomkiri, au akafariki kabla ya kumkiri, mtoto hupoteza uzi wake. Mwaka wa 2017 serikali iliwataka watu wote waishio pamoja bila ya ndoa ya serikali waiandikishe kabla ya mwaka kwisha, na wengi walikwenda komini. Kwa mtoto ambaye babaye alikuwa amekwisha kuzikwa, amri ile ilikuja imechelewa.

Tatu ni karangamuntu. Asiye raia hana karangamuntu. Na asiye na karangamuntu hupata shida kupita penye kizuizi cha njia, kuandikisha nyumba na kutuma mwana shule za juu. Ataambiwa achukue kibali cha ukaazi kama wageni wengine. Lakini kibali cha ukaazi hugongwa muhuri katika paspoti, na paspoti hutolewa na dola ambayo mtu ni raia wake. Asiye na dola atagongewa wapi?

Swali hilo liliwakabili hasa Waarabu wa asili ya Oman. Wazee wao walikuja kwa njia ya Unguja na Ujiji, wakafanya biashara, wakaoa, wakazaa. Baada ya Sultani Qaboos kutawala Maskati mwaka wa 1970, aliwaita Waomani waliotawanyika Afrika ya Mashariki warudi kwao, na wengi wa Unguja na bara wakaenda. Walakini wako waliobaki Bujumbura ambao Oman haikuwatambua, kwa kuwa hawakuwa na hati za kuthibitisha nasaba yao, wala Burundi haikuwahesabu kuwa watu wake. Shirika la Umoja wa Mataifa la kuhudumia wakimbizi, UNHCR, liliwaandika katika hesabu yake ya watu wasio na dola: kwanza zaidi ya 1,000, kisha, katika hesabu za 2017 na 2018, watu 974. Kwa nchi kubwa ni hesabu ndogo. Kwa Waislamu wa Bujumbura, ambapo kila mtu anajua mwenziwe amekaa safu ya ngapi msikitini, watu 974 ni wengi mno. Inashangaza kwamba watu ambao nasaba zao wanazisoma kwa moyo mpaka babu wa saba walikwama kwa kukosa kuandika habari za babu wa kwanza.

Wakati hayo yakitendeka upande huu, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika yalikuwapo masubiri makubwa kuliko haya. Katika ikiza la mwaka wa 1972, lililoanza Aprili, makumi ya maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapa ardhi katika misitu: Ulyankulu huko Tabora, kisha Katumba, na mwaka wa 1978 Mishamo, zote mbili katika mkoa ulioitwa Rukwa wakati ule na ambao sehemu yake sasa ni Katavi. Walifyeka pori, wakalima mahindi na tumbaku, wakalipa kodi. Tanzania haikuwa ngeni katika jambo la tajnisi, kwani mwaka wa 1980 iliwapa uraia Wanyarwanda zaidi ya 30,000. Lakini Warundi wa 1972 walikaa wakimbizi miaka 35 kabla ya kuulizwa wanataka nini.

Waliulizwa mwaka wa 2007, baada ya Tanzania, Burundi na UNHCR kupatana. Katika watu 218,000 hivi wa makazi yale matatu, wanne katika kila watano walisema wanataka kubaki na kuwa Watanzania. Waliosalia walichagua kurudi kwao. Ada ya tajnisi, ambayo kwa kawaida ni kubwa mno kwa mkulima, ilipunguzwa. Maombi yalipokelewa mwaka wa 2008, na Aprili 2010 ikatangazwa kwamba watu 162,156 wamekubaliwa. Haijapata kutokea mara nyingi duniani, watu wengi kiasi hicho kukubaliwa kwa pamoja.

Kukubaliwa, hata hivyo, hakukuwa ndio kupewa. Waliambiwa waukane uraia wa Burundi, kwa kuwa sheria ya Tanzania haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa dola mbili, na waliambiwa kwamba hati zao zitatolewa watakapohama makazi yale na kusambazwa katika mikoa mingine. Viongozi wa mikoa waliuliza watu hao watakaa wapi. Wenyewe waliuliza mashamba yao na makaburi ya wazee wao wamwachie nani. Mwaka wa 2011 mpango wa kuhama ukasimamishwa, na hati zikasimama pamoja nao. Basi kwa muda wa zaidi ya miaka minne mtu alikuwa ameuacha uraia wa zamani na hajaushika mpya. Hakuwa na hakika kama apande miti ya kudumu au mihogo tu, na kazi ya serikali hakuweza kuiomba. Ndugu wa Bujumbura waliopata kuwatembelea jamaa zao wakati ule waliikuta hali wanayoifahamu vyema.

Oktoba 2014 Rais Jakaya Kikwete alianza kuwagawia hati zao, na safari hii hawakutakiwa kuhama kwanza. Wako waliopokea hati zao wakiwa wazee, na wako waliopokelewa na watoto wao, kwa kuwa kutoka 1972 mpaka 2014 ni miaka 42.

Huku Burundi, Kanuni ya 2000 ilileta nafuu moja iliyopendwa na watu wa mjini: Mrundi aliyepata uraia wa nchi nyingine hakulazimika kupoteza wa kwake. Nafuu ya pili haikukamilika. Katiba ya mwaka wa 2005, kifungu cha 12, ilitamka kwamba watoto wa Warundi, wawe wa kiume au wa kike hao Warundi, wana haki sawa katika sheria ya uraia, na Katiba ya 2018 ikalirudia neno hilo. Lakini Kanuni ya 2000, iliyotangulia Katiba zote mbili, ilimpa mama haki ya kumrithisha mtoto uraia pale tu ambapo baba hajulikani au hakumkiri mtoto. Katika mji kama huu, ambapo binti za Buyenzi waliolewa na Mwarabu asiye na hati, au na Mkongomani aliyekimbia vita vya Uvira, ikawa ajabu hii: mama aliyemtaja baba wa mtoto wake kwa ukweli, na ndoa yake ikiwa halali, mtoto wake hakuhesabiwa Mrundi kwa kuzaliwa, na mama aliyenyamaza kuhusu baba, mtoto wake alikuwa Mrundi siku ile ile.