Kisu, Picha na Umbali: Uvimbe Usio wa Saratani katika Mfupa wa Mkono wa Juu, Olasiti, Arusha

Historia ya kuondoa uvimbe usio wa saratani katika mfupa wa mkono wa juu huelezwa kana kwamba ilianza na kisu. Maelezo hayo hayatoshi. Virchow alikieleza kifuko cha maji ndani ya mfupa mwaka 1876, lakini kabla ya eksirei, iliyogunduliwa mwaka 1895, ilikuwa vigumu kukitambua kwa mgonjwa aliye hai. Aghalabu hakiumi hadi mfupa uvunjike, mtoto akianguka kidogo tu. Upasuaji wake ni kulikwangua tundu na kulijaza vipande vya mfupa, mara nyingi kutoka nyonga. Hatari iko karibu na bega: takribani asilimia 80 ya urefu wa mfupa huo hutokana na ukuaji wa hapo, na sehemu hiyo ikijeruhiwa mkono hubaki mfupi. Mwaka 1979 Scaglietti wa Italia alichapisha matokeo ya kudunga steroidi badala ya kukwangua. Kusubiri nako ni tiba, kwani vifuko vingi hujiponea mtoto akishapevuka. Kwa familia ya Olasiti, ambayo rufaa yake ya kanda ni KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, yapata kilomita 80, kusubiri huko ni picha za mara kwa mara, yaani nauli za mara kwa mara.