Msasa Ulipojifunza Kuogelea

Kabla ya kuwa karatasi, msasa ulikuwa jani. Mafundi wa Pwani walilainisha mbao kwa majani ya mti wa msasa, yanayokwaruza kama ulimi wa paka. Jina likahamia dukani, mti ukasahaulika.

Karatasi nayo ilikuwa na noma yake: iliogopa maji. Gundi ililowa, chembe zikatoka. Kwa hivyo viwanda vya magari vilisugua rangi pakavu, rangi yenye madini ya risasi, na vumbi likaishia kwa mapafu ya wafanyakazi. Mwaka wa 1921 kampuni ya 3M ya Marekani ikatoa Wetordry, msasa wa kutumia na maji, kazi ya Francis Okie, mtu wa Philadelphia aliyekuwa akitengeneza wino. Maji yakalaza vumbi.

Msasa huo ndio leo unaokoa vioo vya ndege ndogo za plastiki. Chukua F-16: kioo cha rubani kimevimba, kwa hivyo kalibu mara nyingi huacha mstari katikati. Ukiukwangua, kioo chote kinaingia ukungu, na hapo wengi huona wameharibu. Bado. Ukungu ni mikwaruzo inayotawanya mwanga, basi.

Anza na 1000 na maji, kisha 2000, kisha 4000, ukigeuza mwelekeo kila namba ili uone mikwaruzo ya awali ikiisha. Ukiruka namba, utasugua hadi kesho. Malizia na dawa ya meno na kitambaa laini. Mikwaruzo haiishi kabisa, lakini ikishakuwa midogo kuliko wimbi la mwanga, chini ya nusu ya elfu moja ya milimita, jicho haliioni tena.