Dramu Isiyotaka Kutoka

Tarehe 25 Julai 1996 Meja Pierre Buyoya alipindua serikali. Kabla mwezi haujaisha, nchi jirani zikaiwekea Burundi vikwazo, vikakaa mpaka Januari 1999. Kwa fundi wa gereji za Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura, spea ikiwa adimu sheria ni moja: fungua bila kuvunja.

Chukua dramu ya breki, mfumo uliotengenezwa na Mfaransa Louis Renault mwaka 1902. Kwenye gari la zamani inagoma kwa sababu mbili. Ama kutu imeishika katikati, ama viatu vya breki vimeila ndani, ukingo ukabaki, vikanasa hapo.

Piga jeki, zuia matairi mengine, achia handbreki. Kama ni kutu, tia mafuta ya kulegeza, subiri, gonga taratibu kuzunguka katikati. Dramu nyingi za Toyota zina matundu mawili ya bolti: kaza bolti mbili kwa zamu, inasukumwa yenyewe. Kama ni viatu, legeza ajasta kupitia tundu la nyuma. Vumbi usilipulize, la breki za zamani huweza kuwa na asbesto.

Mwenye hasira anapasua dramu, maana ni chuma cha kusubu. Na mteremko wa Bugarama hauchezewi bila breki.

Nyinyi mnaotuletea mafunzo ya ufundi hapa kambini, kabla ya kuagiza vifaa, waulizeni wazee waliofanya kazi miaka ile. Wanajua kuanza bila spea.